Uzi maalumu: Kozi za mtandaoni za uhandisi wa ndege na vyombo vya angani, niliyoyaona kwa miaka mitatu ya kusoma usiku

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu niliposema kwenye uzi mwingine kwamba nasoma uhandisi wa vyombo vya angani kwa mtandao, nimepokea jumbe nyingi za faragha, na karibu zote zinauliza mambo yaleyale. Naona ni haki niyaweke yote hadharani, mwenye nyongeza aongeze na mwenye kukosoa akosoe.

Kwa kazi mimi ni fundi umeme wa minara ya simu, mkoa wa Tanga. Sola, betri, jenereta, rektifaya (vifaa vya kugeuza umeme wa AC kuwa DC), ndiyo riziki yangu. Huu ni mwaka wa tatu nasoma usiku watoto wakishalala, kwa bando la usiku na laptopu iliyokwisha kubadilishwa betri mara mbili. Sina digrii ya anga. Nina diploma ya umeme na kiu ya kujua.

Nianze na jina lenyewe, maana ndipo wengi tunapopotea. Ukitafuta kozi hizi utakuta mambo mawili yamechanganywa. Kuna zile za kujua chombo kinavyoruka: hewa inavyobeba bawa, roketi inavyosukuma, setilaiti inavyozunguka dunia. Halafu kuna uhandisi wa mifumo, na huu mwanzoni nilidhani ni maneno matupu ya ofisini. Mtu wa roketi anajua roketi yake, wa redio anajua redio yake, wa betri anajua betri yake. Nani anahakikisha kwamba pale wanapokutana wanaelewana? Huyo ndiye mhandisi wa mifumo, na kazi yake kubwa ni kwenye maungio.

Mfano ulionifungua macho ni wa Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichopotea kilipofika sayari ya Mars tarehe 23 Septemba 1999. Hakikulipuka, wala injini haikugoma. Programu moja huku duniani ilikuwa inatoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, yaani pauni na sekunde. Waliopokea hesabu hizo walizisoma kama nyutoni na sekunde. Tofauti yake ni mara 4.45. Chombo kikaingia chini mno kwenye hewa ya Mars na hakikusikika tena. Kila upande ulifanya kazi yake vizuri peke yake, kasoro ilikaa katikati. Mimi niliyewahi kufunga betri za volti 48 kwenye kituo ambacho mchoro wake uliandikwa na mtu mwingine kabisa, niliposoma kisa hicho nilinyamaza muda mrefu.

Sasa kozi zenyewe. Nitataja hasa nilizozisoma au kuzigusa kwa mkono wangu.

Ya kwanza, na ni bure kabisa: MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, kupitia tovuti yao ya OpenCourseWare wameweka mihadhara ya mwaka 2005 ya uhandisi wa mifumo ya ndege, na somo zima linachambua Space Shuttle, chombo cha Marekani kilichopeleka watu angani na kurudi. Waliofundisha ni Jeffrey Hoffman, mwanaanga aliyeruka mara 5, na Aaron Cohen, aliyesimamia utengenezaji wa chombo chenyewe huko NASA. Wanaingia watu waliojenga breki, vigae vya kuzuia joto, injini, kila mmoja anaeleza kwa nini waliamua hivi na si vile. Hakuna cheti. Lakini kama utasoma kitu kimoja tu katika vyote nitakavyotaja, soma hiki.

Ya pili niliipata edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ni ya chuo cha EPFL cha Uswisi, inahusu kupanga na kuendesha safari za angani, na mwalimu ni Claude Nicollier. Hapa kuna jambo zuri. Hoffman na Nicollier walikuwa pamoja kwenye safari moja, Desemba 1993, walipokwenda kuikarabati darubini ya Hubble inayozunguka dunia. Nicollier aliendesha mkono wa roboti, Hoffman alikuwa mmoja wa wanne waliotoka nje ya chombo kufanya kazi kwa mikono. Na kisa cha Hubble ni shule tosha. Kioo chake cha mita 2.4 kilisuguliwa kwa ustadi wa ajabu, ila kwa umbo lisilo sahihi, ukingo ukawa bapa kupita kiasi kwa takriban mikroni 2.2 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Sababu ni lenzi ndani ya kifaa cha kupimia iliyokaa vibaya kwa milimita 1.3. Na vifaa vingine viwili vya kawaida vilionyesha kuna kasoro, lakini vikapuuzwa kwa sababu kile kikubwa kiliaminiwa zaidi. Unamsikiliza mtu anayefundisha namna ya kupanga safari, na unajua alikwenda mwenyewe kurekebisha matokeo ya kipimo kimoja kilichoaminiwa peke yake. Uzito wa somo hilo huupati kwingine.

Ya tatu ni ngumu: Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, kupitia Coursera, jukwaa jingine la kozi, mwalimu Hanspeter Schaub. Inahusu namna setilaiti inavyojigeuza na kutulia angani. Ukiingia bila matriki, yaani hesabu za majedwali ya namba, utalia. Mimi nilitoka, nikarudi shule ya hesabu miezi minne, nikaingia tena. Mwishoni kuna mradi wa kuidhibiti setilaiti ndogo inayozunguka Mars, unaandika programu mwenyewe hadi hesabu zikubali.

Upande wa ndege kuna TU Delft ya Uholanzi na utangulizi wao wa uhandisi wa ndege. Ni mwanzo mwepesi na mzuri.

Halafu zile zinazoitwa za kitaaluma hasa, kama MIT xPRO na mfululizo wao wa kozi 4 za usanifu na uhandisi wa mifumo. Ada yake ni ya kampuni kumlipia mfanyakazi, si ya mtu kutoa kwenye mshahara wa fundi. Sikuisoma. Badala yake nimesoma kitabu cha mwongozo cha NASA cha uhandisi wa mifumo, ambacho wamekiweka mtandaoni bure, ukurasa kwa ukurasa, daftari pembeni.

Na niseme lililoniuma. Mwaka wa kwanza nililipia kozi ya "utaalamu wa mifumo ya anga" kwa watoa mafunzo ambao sitawataja. Nilichopata ni slaidi za kusoma, maswali kumi ya kuchagua, na cheti siku hiyohiyo kabla ya magharibi. Hakuna hesabu hata moja niliyofanya. Zilikuwa fedha za ada ya mtoto. Tangu hapo kila kozi naiuliza swali moja: nikimaliza, nitakuwa nimetengeneza nini kwa mikono yangu? Kama jibu ni cheti tu, siingii.

Karibuni.

#2 Mchangiaji wa Malindi

Shukran sana ndugu yangu. Ila mambo ya angani wasiyaone ni ya mbali. Huku kwetu Ngomeni, kaskazini ya Malindi, roketi za kupeleka setilaiti ziliruka kati ya 1967 na 1988, Waitaliano walikuwa na jukwaa lao la San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa hapo setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya Kenya. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutazama eksirei za nyota. Aliyesimamia mradi kule NASA alikuwa mama, Marjorie Townsend. Mwanasayansi mkuu, Riccardo Giacconi, alikuja pata Nobel 2002.

Wazee hapa wakikusimulia ule mwanga juu ya bahari, mwili wakusisimka. Sisi wajukuu twajua hadithi, hesabu hatuijui. Ndiyo maana uzi huu nimeufurahia.

#3 Mleta uzi

Ahsante sana kaka. Na hesabu yake nitakupa kidogo. Pale Ngomeni ni kama nyuzi 3 kusini ya ikweta. Mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, na dunia inajizungusha mara moja kwa sekunde 86,164. Gawanya, unapata mita 465 kwa sekunde. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka kwenu inaanza na mwendo huo kama zawadi kabla hata haijawashwa. Ili kubaki angani kwenye kimo cha kilomita 400 inahitaji kama kilomita 7.7 kwa sekunde, kwa hiyo zawadi si ndogo. Bahari wazi upande wa mashariki nayo ni salama, vipande vikianguka haviangukii watu.

#4 Mdau mwenye shaka

Mkuu nakuheshimu, lakini tuseme kweli. Huku vijana wana digrii na wanaendesha bodaboda. Wewe unamwambia mtu asome mzunguko wa Mars. Ataajiriwa na nani?

#5 Mleta uzi

Swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Sijasema kuna ajira inamngoja mtu mlangoni. Lakini tazama ukanda wetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilituma setilaiti yake ya sentimita 10 kwa 10 kwa 10 na ikaachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018, kupitia mpango wa KiboCUBE wa Umoja wa Mataifa na Japani. Rwanda wakafuata na RWASAT-1 mwaka 2019. Uganda, PearlAfricaSat-1, Desemba 2022, vijana wao wakiwa wamejifunza Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Kenya tena, Taifa-1, Aprili 2023. Nafasi kama ile ya KiboCUBE inapatikana kwa kuandika pendekezo, na pendekezo linataka mtu anayejua kueleza chombo kitabeba nini, kitatumia umeme kiasi gani, kitaongea na nani, na nini kitatokea kikiharibika. Siku nchi au chuo kikitaka kuandika, anayejua kuandika atatoka wapi kama hakuna aliyejifunza kabla?

La pili ni langu mwenyewe. Kusoma uhandisi wa mifumo kumebadilisha kazi yangu ya minara. Zamani kituo kikizima nilikuwa nabadilisha kilichoungua. Sasa naandika kila maungio: nani anampa nani nini, kwa kipimo gani, na kikikosekana nini kinatokea. Safari za kurudia kituo kilekile zimepungua, na msimamizi wangu ameliona hilo bila mimi kumwonyesha cheti chochote.

#6 Fundi ndege

Naomba niongeze jambo ambalo vijana wanadanganywa nalo. Mimi niko kwenye matengenezo ya ndege. Hakuna kozi ya mtandaoni, hata ya chuo kikubwa namna gani, itakayokupa leseni ya kusaini ndege kwamba imefaa kuruka. Leseni inatolewa na mamlaka ya usafiri wa anga baada ya mafunzo kwenye chuo kilichoidhinishwa, mitihani, na muda wa kushika spana chini ya usimamizi. Kwa Dar kuna NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Nairobi kuna East African School of Aviation. Kozi za mtandao zinakupa uelewa, na uelewa ni mzuri, fundi anayejua kwa nini bawa linabeba ni bora kuliko asiyejua. Ila mtu akikuuzia "leseni ya injinia wa ndege mtandaoni", kimbia.

#7 Mdau aliye Ujerumani

Habari za huko nyumbani. Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya vifaa vya setilaiti huku, kwa hiyo niseme upande wa ajira za nje.

Marekani ina sheria za kudhibiti teknolojia ya roketi na setilaiti, maarufu kwa jina la ITAR. Ndiyo sababu matangazo mengi ya kazi kule yanataka raia, mwenye ukaazi wa kudumu, au mtu aliyepewa hadhi ya ukimbizi au hifadhi. Hata baadhi ya kozi fupi za kitaaluma zinafungwa kwa wasio na hadhi hiyo. Soma masharti kabla ya kulipa. Shirika la anga la Ulaya, ESA, nalo kwa kawaida huajiri raia wa nchi wanachama. Si kwamba mlango umefungwa kote, mimi niko ndani, lakini nilipitia shahada ya uzamili hapahapa, kozi za mtandao zilinisaidia kukubaliwa.

Kwenye usaili hawakuniuliza cheti cha Coursera. Waliniuliza: tuonyeshe mahali ulipochagua kati ya njia mbili na utueleze kwa nini. Nilikuwa na kurasa 6 nilizoandika mwenyewe za kulinganisha aina mbili za antena. Tulizungumza kurasa hizo saa nzima.

Kuna pia vyeti vya INCOSE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa mifumo. Ngazi ya kwanza haidai uzoefu, unafanya mtihani. Ya pili inadai angalau miaka 5 ya kazi. Huku vinatambulika.

#8 Mhitimu wa PCM

Shikamoo wakubwa. Mimi nimemaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), nasubiri majibu ya chuo. Nina simu na laptopu ya kuazima siku za wikiendi. Nianzie wapi?

#9 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa PCM.

Usianze na setilaiti. Anza na vekta na matriki hadi zikutoke kwenye vidole, kisha kalkulasi ya mwendo, kisha Python kidogo, lugha ya kuandikia programu. Miezi mitatu. Baada ya hapo mihadhara ya Hoffman itakuingia. Kwa edX na Coursera kuna sehemu unazoweza kutazama bila kulipa, na wakati mwingine kuna msaada wa ada ukitaka cheti, ila masharti yao yanabadilika kila mara, yasome siku ileile unayojiandikisha. Pakua video wikiendi, sikiliza katikati ya wiki kwenye simu. Pia KiboCUBE wana mafunzo yao ya bure ya setilaiti ndogo, yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu.

Lakini nakupa kazi ya kuanza leo, na wengine wote ifanyeni. Inaitwa bajeti ya umeme, yaani kulinganisha umeme unaoingia na unaotumika. Mimi ndiyo niliipenda kwanza kwa sababu inafanana na kazi yangu mnarani.

Chukua setilaiti ya sentimita 10 kila upande. Kwenye uso mmoja zinaenea seli mbili za sola, jumla sentimita za mraba 60. Jua la angani linatoa wati 1,361 kwa mita ya mraba, seli nzuri inageuza kama asilimia 28. Kwa hiyo 1,361 × 0.006 × 0.28, unapata wati 2.3. Setilaiti inazunguka dunia kwa dakika 92, na kama 36 kati ya hizo iko kwenye kivuli. Wastani unashuka hadi wati 1.39. Toa upotevu wa kuchaji na kubadilisha volti, nakadiria inabaki asilimia 85, yaani 1.18.

Matumizi, makadirio yangu: kompyuta wati 0.4, redio ya kupokea 0.2 bila kuzimwa, kamera kwa wastani 0.3. Jumla 0.9. Inabaki 0.28 kwa transimita, yaani redio ya kutuma, inayokula wati 3. Zidisha 0.28 kwa dakika 92, gawanya kwa 3: una dakika 8 na nusu tu za kutuma kila mzunguko. Setilaiti nzima inaishi kwa umeme usiowasha hata taa ya jokofu.

Na betri sasa. Mnarani betri inashuka na kupanda mara moja kwa siku. Kule inazunguka karibu mara 16 kwa siku, zaidi ya 5,700 kwa mwaka. Ndiyo maana hawaruhusu ishuke sana, wengi wanatumia asilimia 20 hadi 30 tu ya chaji yake. Ukiielewa sababu hiyo kwa moyo umeshaanza kuwa mhandisi wa mifumo, kwa sababu umeona mtu wa betri anavyomfunga mkono mtu wa redio.

#10 Mchangiaji wa Malindi

Hii nimeifanya kwa kalamu, ikakubali. Swali: kusikia setilaiti kweli, si kwa hesabu tu, yawezekana kwa mtu wa kawaida?

#11 Mleta uzi

Yawezekana kaka. Kifaa kidogo cha USB cha kupokea redio, antena ya nyaya mbili unayokata mwenyewe, na programu ya bure ya SatDump. Setilaiti za hali ya hewa za Kirusi, Meteor-M, zinatuma picha kwenye megahezi 137. Urefu wa kila waya ni pungufu kidogo ya robo ya wimbi, kama sentimita 53. Mara ya kwanza nilipoona mwambao wetu unajichora mstari kwa mstari kwenye skrini, nilimwamsha mke wangu saa tatu asubuhi ya Jumapili aje aone. Ukifanikiwa ukitaka kuendelea, kuna mtandao wa SatNOGS wa vituo vya kupokelea vinavyojengwa na watu wa kawaida duniani kote.

#12 Mhitimu wa PCM

Shikamoo tena. Nimefanya kazi uliyotoa. Samahani kaka, nadhani kuna jambo halijakaa sawa. Umehesabu uso mmoja tu, na umeuweka ukilitazama jua moja kwa moja. Lakini mchemraba una nyuso 6, na ukiwa unajizungusha ovyo jua linaona hadi nyuso 3 kwa wakati mmoja, kwa mshazari. Nilichukua boksi nikalimulika tochi, nikapima vivuli ukutani. Kwa wastani kivuli kinakuwa kama uso mmoja na nusu. Nimekosea wapi?

#13 Mleta uzi

Hujakosea popote. Nimekosea mimi.

Kanuni yake ipo: kitu kisicho na mabonde kikijigeuza kila upande bila mpangilio, wastani wa kivuli chake ni robo ya eneo lake lote. Nyuso 6 gawanya kwa 4 ni 1.5, sawasawa na tochi yako. Mimi nilibeba hesabu ya paneli ya mnarani, iliyofungwa ikatulia, nikaipeleka angani. Tukiacha uso mmoja bila seli kwa ajili ya antena, zinabaki 5, yaani 1.25. Wati 1.39 zinakuwa 1.74, baada ya upotevu 1.48, ukitoa 0.9 inabaki 0.58. Dakika za kutuma zinapanda kutoka 8 na nusu hadi karibu 18.

Nimeirekebisha kwenye karatasi yangu na kuandika juu yake: Bajeti ya umeme, toleo la 2, limekaguliwa na mhitimu wa PCM. Mdogo wangu, ukipata nafasi nichambulie pia ile asilimia 85 inayobaki baada ya upotevu, niliikadiria kwa mazoea ya rektifaya zangu na sasa siiamini. Wa Malindi, wewe chukua bajeti ya mawasiliano: wati 1 kutoka kilomita 1,500, antena yako ya waya, tutaisikia au hatutaisikia?